Minnesota Frost, misimu miwili ya kwanza: tiketi ya kununua ni ya Mei

Kabla hujatoa pesa yako kwa timu hii, jua jambo moja. Katika misimu yake miwili ya mwanzo, 2024 na 2024-25, timu ya hoki ya barafuni ya wanawake ya Minnesota ilimaliza ya nne kati ya timu sita mara zote mbili, kisha mara zote mbili ikabeba Walter Cup, kombe la ubingwa wa ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL. Aliyenunua tiketi za msimu mzima kwa sababu ya kombe alikutana na vipindi virefu vya kuudhi. Aliyeikatia tamaa Aprili alikosa kitu bora kuliko vyote inavyouza. Hapa tunaipima kama huduma yoyote ile: uwanja, mchezo wenyewe, matangazo, jezi, na namna uongozi unavyomtendea anayelipa.

Hoki ya wanawake haikuzaliwa Januari 2024 pale St. Paul, mji wa Minnesota inakochezea timu hii. Timu iliyotangulia, Minnesota Whitecaps, iliundwa 2004, wakachukua kombe la Clarkson Cup 2010, ligi yao ikavunjika, wakabaki miaka kadhaa wakicheza na yeyote aliyepatikana. Mwaka 2018 wakaingia NWHL, ligi nyingine ya kulipwa ya wanawake, na Machi 2019 wakatwaa kombe lake, Isobel Cup, kwa kuwafunga Buffalo Beauts 2-1, goli la Lee Stecklein katika muda wa nyongeza. Fainali hiyo ilichezwa TRIA Rink, uwanja wa viti kama 1,200 uliojengwa juu ya jengo lililokuwa duka kubwa katikati ya mji. Ligi hiyo, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa PHF, ilinunuliwa na kufungwa katikati ya 2023. Ikaja PWHL, kwa fedha za tajiri Mark Walter na ushirika wa Billie Jean King, nyota wa zamani wa tenisi. Jina la Whitecaps halikuvuka, ila mashabiki walivuka, na baadhi ya wachezaji pia. Stecklein alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza kusajiliwa, pamoja na Kelly Pannek na nahodha Kendall Coyne Schofield. TRIA ikabaki kuwa mahali pa mazoezi.

Tofauti kubwa na zamani ni mkataba wa wachezaji. Kima cha chini kiliwekwa dola 35,000 kwa msimu wa kwanza, wastani wa kila timu dola 55,000, na angalau wachezaji sita katika kila timu walipwe dola 80,000 au zaidi, huku viwango vikipanda asilimia 3 kila mwaka. Si utajiri, lakini ndicho kilichomtoa mchezaji kwenye kazi ya mchana na mazoezi ya usiku, na mtazamaji anakiona uwanjani: kasi ya kipindi cha tatu haishuki kama ilivyokuwa ikishuka zamani.

Kuhusu uwanja, sifa na lawama zinatoka mahali pamoja. Mechi za nyumbani huchezwa Xcel Energy Center, ambao tangu Septemba 2025 unaitwa Grand Casino Arena, wenye viti karibu 18,000. Ufunguzi wa nyumbani, Januari 6, 2024, ulileta watu 13,316 dhidi ya Montréal, idadi ambayo siku ile ilikuwa rekodi ya mechi ya ligi ya kulipwa ya hoki ya wanawake. Minnesota ilishinda 3-0 na magoli yote matatu yalikuwa ya Grace Zumwinkle, hat-trick ya kwanza ya ligi. Ukijaa hivyo, uwanja huu hauna mpinzani katika ligi nzima. Ila mechi ya katikati ya wiki, wakija elfu tano au sita, sauti inapotelea juu kwenye viti vitupu, na mtu aliyezoea TRIA, ambako ulisikia wachezaji wakiitana, ataona ameuziwa ukumbi mkubwa badala ya mchezo. Timu ya Boston ilichagua njia nyingine, ikajichimbia Tsongas Center huko Lowell, uwanja mdogo unaopiga kelele hata usipojaa. Kwa mechi ya kawaida ya Februari, Lowell inampa mtazamaji zaidi. Kwa mechi ya mtoano, St. Paul.

Wengi hupoteza pesa kwenye uchaguzi wa kiti. Wanakimbilia safu ya kwanza nyuma ya kioo kwa sababu ni ghali, kwa hiyo lazima iwe nzuri. Pale utasikia chuma cha viatu kikikwangua barafu na utaona kioo kikitikisika mtu akibanwa ukutani, lakini upande wa mbali wa uwanja, mita 61 kwa urefu, hutauona. Paki ni kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa 2.5, ikiwa chini ya ukingo wa mbali na macho yako yako usawa wa barafu, imepotea. Panda safu ya kumi na mbili hadi ya ishirini, kati ya mstari wa bluu, unaotenga eneo la kushambulia, na goli. Upande gani? Timu hubadilisha magoli kila kipindi na vipindi ni vitatu vya dakika 20, kwa hiyo goli lile ambalo Minnesota inalishambulia kipindi cha kwanza ndilo italishambulia tena cha tatu. Kaa upande huo. Utawaona washambuliaji Taylor Heise na Coyne Schofield wakija usoni kwako mara mbili, na ya pili ndiyo yenye uzito.

Usiende kununua chakula mapema kipindi cha pili. Katika kipindi hicho benchi la kila timu liko mbali na goli lake, mabeki waliochoka wanalazimika kuteleza umbali mrefu kwenda kubadilishana, na mpinzani akiukamata paki katikati ya safari hiyo anakuta wachezaji wawili dhidi ya mmoja. Zamu ya kawaida ya mchezaji barafuni ni sekunde 40 hadi 50. Beki akikwama barafuni dakika nzima, miguu inakataa. Minnesota, ambayo mabeki wake hupenda kupanda mbele, hupata magoli hapo na hufungwa hapo hapo.

Kufika uwanjani ni rahisi. Treni ya Green Line kutoka Minneapolis inashusha kituo cha Central, kisha ni mwendo mfupi kwa miguu. Januari mwendo huo mfupi unauma, lakini katikati ya St. Paul kuna njia za juu zilizofunikwa zinazounganisha majengo, na mwenyeji hatoki nje mpaka hana budi.

Tukija kwenye mchezo, ligi hii imefanya uamuzi wa busara kwenye sheria, na sheria ndizo zinazoifanya bidhaa ionekane tofauti na hoki ya mataifa. Kugongana mwili kunaruhusiwa zaidi, mradi wote wawili wanaugombea paki. Ushindi ndani ya dakika 60 una pointi 3, wa muda wa nyongeza au mikwaju 2, na anayeshindwa huko anaambulia 1. Kwa hiyo timu iliyo sare dakika ya 57 ina sababu ya kusukuma, haikai kulinda pointi. Kisha kuna sheria nzuri kuliko zote: timu iliyopungukiwa mchezaji kwa adhabu ikifunga goli, adhabu inafutwa papo hapo na aliyefungiwa anarudi barafuni. Timu yenye mtu wa ziada inapaswa kuogopa, na hofu hiyo inafungua mchezo. Msimu wa 2024-25 likaongezwa jingine: timu iliyofanya kosa hairuhusiwi kubadilisha wachezaji waliomo barafuni mpaka mchezo uanze tena. Kama mabeki wako walikuwa wameishiwa pumzi walipofanya kosa, wabaki hivyo hivyo. Anayetazama mara ya kwanza aangalie nyuso za hao watu wanaokatazwa kwenda benchi; inaeleza mchezo kuliko mtangazaji.

Kikosi kilijengwa kwa vipaji vya hapo hapo, na hiyo ni sehemu ya unachonunua. Heise, aliyechaguliwa wa kwanza katika drafti ya kwanza ya ligi (zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu), Septemba 2023, ni wa Minnesota. Zumwinkle, Pannek, Stecklein na kipa Maddie Rooney pia. Coyne Schofield ni wa Illinois na ana kasi isiyohitaji maelezo: Januari 2019, katika mashindano ya ufundi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya wanaume, alizunguka barafu kwa sekunde 14.346. Lakini usajili uliobadilisha timu ulikuwa wa beki. Februari 2024 walimchukua Sophie Jaques kutoka Boston, wakatoa Susanna Tapani na Abby Cook. Jaques ni beki anayepiga goli kama mshambuliaji, na tangu siku ile shambulio la Minnesota lilianzia nyuma. Juni mwaka ule wakamwongeza Claire Thompson kwenye drafti, chaguo la tatu kwa jumla. Msimu wa pili walikuwa na mabeki wawili wa aina hiyo, jambo ambalo timu nyingine ilikuwa vigumu kulijibu.

Langoni palikuwa na raha nyingine. Nicole Hensley na Rooney waligawana kazi, na haikuwa ile ya namba moja na msaidizi wake. Kwa mnunuzi wa tiketi maana yake ni kwamba hakuna usiku wa kuuziwa kipa wa akiba.

Basi kwa nini ya nne? Kwa sababu mtindo wao unategemea miguu. Wakiwa wapya, mabeki wanapanda, washambuliaji wanarudi kuziba, duru linakamilika. Wakichoka, wanaorudi wanachelewa nusu sekunde, na nusu sekunde katika hoki ni goli. Mwisho wa msimu wa kwanza walipoteza mechi tano mfululizo, wakabaki na pointi 35, na wakaingia mtoano kwa sababu Ottawa nayo ilishindwa na Toronto siku ya mwisho. Waliolipia mechi zile walikuwa na haki ya kunung'unika. Msimu wa pili waliuacha mlango wazi mpaka Mei 3, 2025, ndipo wakaenda kuifunga Boston Fleet 8-1 ugenini na kuingia. Boston ilibaki nje ikiwa na pointi zile zile 44. Timu ya kufunga manane siku ya shida ingeweza kufunga mawili zaidi Februari, lakini ndiyo tabia yake.

Na sasa mtoano, maana hapa ndipo bei inarudi.

PWHL humpa aliyemaliza wa kwanza haki ya kumchagua mpinzani wa nusu fainali kati ya wa tatu na wa nne. Mwaka 2024 Toronto ilichagua Minnesota, chaguo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya kwa timu iliyofungwa tano mfululizo. Toronto ikashinda 4-0, kisha 2-0. Mechi ya tatu ikahamia St. Paul, Toronto ikampoteza mfungaji wake Natalie Spooner kwa jeraha, Minnesota ikashinda 2-0. Ya nne ilikwenda nyongeza mbili bila goli hadi Claire Butorac akafunga, 1-0. Ya tano, mjini Toronto, Minnesota ikashinda 4-1. Mwaka uliofuata zamu ya kuchagua ilikuwa ya Montréal. Ikaikwepa Minnesota, ikachukua Ottawa, ikatolewa na Ottawa. Haki hiyo ya kuchagua ni tangazo zuri la ligi, ila mpaka hapo haijamsaidia aliyepewa.

Fainali ya 2024 dhidi ya Boston ina usiku mmoja wa kutazamwa tena. Minnesota ilikuwa mbele mechi mbili kwa moja, mechi ya nne iko nyumbani, watu zaidi ya 13,000, sifuri kwa sifuri katika nyongeza ya pili. Jaques akafunga. Glavu na kofia zikaruka, wachezaji wakarundikana, kombe likawa limefika. Waamuzi wakaenda kutazama picha za video na kulifuta goli kwa kosa la kumzuia kipa Aerin Frankel. Wachezaji wakaanza kuokota magongo na glavu barafuni, wakavaa upya, na haukupita muda Alina Müller akafunga upande wa pili. Boston 1-0. Waliolalamikia uamuzi walikuwa na haki ya kukasirika kwa jinsi ilivyotokea, ila kosa kwa kipa ndilo hasa jambo ambalo picha huruhusiwa kulitazama, na shabiki mwenye uzoefu hasherehekei mpaka paki iwekwe katikati. Minnesota ikasafiri hadi Lowell, na Mei 29 ikashinda 3-0: Liz Schepers alifungua, Michela Cava akaongeza, Coyne Schofield akamalizia kwenye goli lisilo na kipa, Hensley hakufungwa. Heise akawa mchezaji bora wa mtoano. Kombe la kwanza la historia likanyanyuliwa mbele ya mashabiki wa wenzao, na aliyelipia msimu mzima St. Paul akaliona kwenye skrini.

2025 ilirekebisha hilo. Nusu fainali dhidi ya Toronto Sceptres ilikuwa ya kufungana ovyo: walipoteza ya kwanza 3-2, wakashinda 5-3, 7-5, na 4-3 kwa goli la Heise muda wa nyongeza. Fainali dhidi ya Ottawa Charge ikawa kinyume chake kabisa. Mechi nne, zote 2-1, zote muda wa nyongeza. Emily Clark aliipa Ottawa ya kwanza. Britta Curl-Salemme akajibu kwenye ya pili. Ya tatu ilienda nyongeza tatu mpaka Katy Knoll akaimaliza. Ya nne, Mei 26, nyumbani, mbele ya watu 11,024, Schepers tena. Kipa wa Ottawa, Gwyneth Philips, alicheza vizuri kiasi kwamba tuzo ya mchezaji bora wa mtoano ilikwenda kwake ingawa timu yake ilishindwa. Katika mtoano nyongeza ni vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, hadi goli; haina mikwaju. Anayenunua tiketi ya usiku wa mtoano asipange kuwahi kitu chochote baadaye.

Uongozi unapata alama ya chini. Kocha wa kwanza, Charlie Burggraf, aliondoka mwishoni mwa Desemba 2023, siku chache kabla ya mechi ya kwanza, na Ken Klee akapewa timu ambayo hakuiunda. Alishinda kombe nayo. Siku chache baada ya kombe, meneja mkuu Natalie Darwitz, mzawa wa Minnesota na nyota wa zamani wa timu ya taifa, aliyeijenga timu hiyo, akaondolewa, na drafti ya Juni, iliyofanyika St. Paul kwenyewe, ikaendeshwa na Klee. Matokeo ya uwanjani hayakuharibika. Lakini ligi inamiliki timu zote, maamuzi makubwa yanatoka juu, na shabiki hupewa taarifa fupi isiyoeleza kitu. Baadaye alikuja Melissa Caruso kama meneja mkuu, na mambo yakatulia.

Jezi. Msimu wote wa kwanza timu haikuwa na jina, iliitwa PWHL Minnesota, na timu zote sita zilivaa mtindo mmoja: jina la mahali likiwa limeandikwa mshazari kifuani, rangi tu zikitofautiana. Zambarau ilikuwa nzuri, mchoro ulikuwa wa mazoezini. Jina la Frost lilitangazwa Septemba 9, 2024, na msimu wa pili ukaja na herufi F yenye barafu inayoning'inia. Kabla ya kuagiza, kumbuka kwamba jezi halisi ya hoki hukatwa pana ili ipite juu ya kinga za mabega na viwiko. Ukiivaa juu ya fulana, punguza saizi moja; ukiivaa juu ya koti la baridi, acha ile yako. Na usikimbilie kuweka jina la mchezaji mgongoni. Ligi ilipoongeza Seattle na Vancouver mwaka 2025, kila timu ya zamani iliruhusiwa kulinda wachezaji wachache tu wasichukuliwe na timu mpya, na Jaques na Thompson wote wawili walihamia Vancouver. Jezi tupu haipitwi na wakati.

Kwa walio mbali, matangazo yalikuwa huduma yenye thamani kuliko zote, kwa sababu yalikuwa bure: nje ya Canada, mechi zilipatikana kwenye chaneli ya YouTube ya ligi. Mechi ya saa moja jioni ya St. Paul ni saa kumi alfajiri kwa Afrika Mashariki wakati wa baridi, na saa tisa usiku kuanzia Machi, Wamarekani wanaposogeza saa zao. Saa ya mchezo husimama kila filimbi inapolia, na kuna mapumziko mawili, kwa hiyo dakika 60 huchukua kama saa mbili na nusu. Asiye na muda huo atazame kipindi cha tatu cha mechi ya kawaida, na mechi nzima ikiwa ni ya mtoano. Mgeni asiufuate paki kwa macho. Amfuate mtu aliye nao na mwenzake anayekimbilia nafasi, na paki utaonekana wenyewe baada ya mechi mbili tatu.

Anayefikiria kununua sasa aangalie safu ya mabeki kabla ya kitu kingine. Msimu wa 2025-26 ulipoanza, washambuliaji waliobeba makombe yale mawili wengi walikuwapo, makipa walikuwapo, lakini kuondoka kwa Jaques na Thompson kulikuwa kumetoa kile kilichokuwa kikianzisha kila kitu kutoka nyuma. Tiketi za mechi moja moja zitoshe hadi Machi. Ikifika Aprili ikiwa ya nne, nunua ya mtoano mapema, kabla wengine hawajakumbuka.